Mwaka 1984 Tulipimwa Kiingereza: Nani Alifeli?

Majuzi mhariri wangu alinituma kwenye shule moja ya sekondari, shule ya kata kama zilivyo nyingine nyingi, nikaandike habari ya upungufu wa madawati. Kazi yenyewe ndogo: piga picha mbili, ongea na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, rudi ofisini kabla ya saa tisa. Nikampata binti wa kidato cha kwanza. Nikamuuliza kwa Kiswahili, maana gazeti langu ni la Kiswahili, anasomaje akiwa amekaa sakafuni. Akaanza kunieleza vizuri tu. Mwalimu aliyekuwa amesimama pembeni akakohoa, akamkumbusha kwamba katika eneo la shule ni Kiingereza peke yake.

Binti akanyamaza. Akaangalia viatu vyake. Nikasubiri, mwalimu naye akasubiri, na wenzake waliokuwa wanachungulia dirishani wakaanza kucheka. Mahojiano yakaishia hapo.

Msomaji wangu, ule ukimya naujua. Niliishi nao miaka minne.

Nilipokuwa sekondari nilikaa dawati moja na kijana ambaye sitamtaja jina. Tulikuwa tunaitana Jirani. Tulitoka wote shule ya msingi moja, na darasa la saba Jirani alikuwa ananiacha mbali katika hesabu na sayansi. Huyu ndiye aliyekuwa anafungua redio mbovu za mtaani na kuzirudisha zikiongea. Tukaingia kidato cha kwanza. Ghafla kila kitu kikawa Kiingereza: jiografia Kiingereza, biolojia Kiingereza, hata uraia ambao ni habari za serikali yetu wenyewe nao Kiingereza. Jirani akaacha kunyoosha mkono. Alikuwa ananakili ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, lakini ukimuuliza ameandika nini, anacheka.

Mimi niliponea kwenye tundu la sindano. Mjomba wangu alikuwa analeta magazeti ya Kiingereza nyumbani, na nilikuwa na kipaji cha kukariri. Nakiri hapa mbele yako: niliandika maana ya osmosisi kwenye mtihani wa kidato cha pili neno kwa neno, nikapata alama zote, na sikujua osmosisi ni kitu gani. Jirani alikuwa anajua kwamba ukiloweka maharage yanavimba, na aliweza kukueleza kwa nini. Lakini hakuna aliyemuuliza kwa lugha anayoijua. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nikaenda mbele, Jirani akapata sifuri.

Kwa miaka mingi niliamini maelezo ya walimu wetu, kwamba Jirani alikuwa mvivu. Nilipoanza kusoma historia ya jambo hili nikagundua kwamba nchi hii ilikwisha kupima, kwa mtihani halali kabisa, ikapata jibu, na jibu hilo lina umri mkubwa kuliko mimi na Jirani.

Turudi nyuma kidogo.

Chini ya Waingereza, mtoto wa Tanganyika aliyebahatika kwenda shule alianza kwa Kiswahili, na kadiri alivyopanda Kiingereza kilichukua nafasi. Huko juu kabisa kulikuwa na cheti cha Cambridge, ambacho mtu hakukipata bila kufaulu Kiingereza, hata kama masomo mengine ameyamaliza yote. Kwa hiyo tangu zamani Kiingereza hakikuwa somo kama masomo mengine. Kilikuwa mlango, na mlinzi wa mlango akishakukataa hakuulizi umebeba nini.

Mwaka 1967 ukaja na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, ule wa 1969 hadi 1974, ulionyesha kwamba safari ingeendelea mpaka sekondari. Somo la siasa lilikwisha kuanza kufundishwa kwa Kiswahili huko sekondari. Wazee wetu wa wakati ule waliona ni suala la muda tu.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote, UPE. Watoto wakafurika madarasani kuliko ilivyowahi kutokea, na walimu wakatafutwa kwa haraka: vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa kwa posta na redio huku wakifundisha. Tusiwadharau, bila wao wazazi wetu wengi wasingejua kusoma. Lakini niambie, kijana huyo ambaye mwenyewe alisikia Kiingereza vipindi vichache kwa wiki angemfundisha nani Kiingereza cha kumwezesha kusoma fizikia?

Dalili zikaanza kuonekana juu. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo maalumu cha stadi za mawasiliano, ili kuwasaidia wanafunzi wake kusoma na kuandika Kiingereza cha kitaaluma. Mwaka huohuo Penina Mlama na May Matteru walitoa utafiti wao kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa, wakieleza haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Walikwenda madarasani wakasikiliza. Walikuta wanafunzi ambao wakiulizwa kwa Kiingereza wanababaika, wakiulizwa kwa Kiswahili wanajibu.

Baadaye Mwalimu Nyerere akaunda Tume ya Rais ya Elimu, ambayo wengi tunaiita Tume ya Makweta kwa jina la mwenyekiti wake, Jackson Makweta. Ripoti ikawa tayari 1982. Tume ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, kipande nacho mwaka hadi mwaka, mpaka Chuo Kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tarehe zilikwisha kuwekwa! Lakini 1983 ikatangazwa kwamba mabadiliko hayo hayatafanyika, na serikali ilipochapisha maamuzi yake mwaka uliofuata, pendekezo lile halikuwemo.

Sasa tunafika 1984. Wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walikuja kwa ufadhili wa Uingereza kupima kiwango cha Kiingereza katika shule zetu. Hawakuja kusikiliza maoni ya watu. Walikuja na mtihani, na waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, sekondari mpaka Chuo Kikuu.

Moja ya zana zao kuu lilikuwa jaribio la kujaza mapengo. Nalieleza, kwa sababu kila aliyesoma hapa amewahi kulifanya bila kujua kazi yake. Unachukua habari fupi, unafuta neno kila baada ya maneno kadhaa, unamwachia msomaji ajaze. Nikikuandikia: mama alikwenda ___ kununua samaki, lakini alipofungua ___ akakuta hana hela, utajaza sokoni na pochi hata kabla ya kufikiri. Hukukariri popote. Umejaza kwa sababu lugha inaishi kichwani mwako. Ndiyo maana jaribio hili ni gumu kulidanganya, halitegei kanuni moja ya sarufi bali linauliza kama unaelewa unachosoma. Kisha alama zinalinganishwa na ngazi za vitabu vilivyopangwa kuanzia vyepesi kabisa hadi vigumu. Kwa njia hiyo unaweza kusema mtoto huyu anaweza kusoma kitabu cha ngazi ipi peke yake bila kupotea.

Majibu yalitisha. Walikuta kwamba kwa kiasi cha nusu ya wanafunzi waliowapima, masomo mengine yalikuwa hayaingii, au yanaingia kidogo sana, kwa muda wote wa sekondari. Kati ya wanafunzi wa kidato cha nne, asilimia 10 hivi tu ndio waliofikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanza. Soma tena hapo, ndugu yangu. Kuanza! Hao ni watu wanaomaliza. Na Chuo Kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa walikuwa katika kiwango cha kusoma kwa urahisi hata vile vitabu rahisi walivyotakiwa kusoma. Wakahitimisha kwamba kiwango cha Kiingereza sekondari hakitoshi kabisa kufundishia na kujifunzia masomo mengine, na kwamba inabidi hatua zichukuliwe mara moja.

Mpaka hapo ungedhani unajua watakachopendekeza. Daktari akikwambia mguu umevunjika hategemewi kukuandikia mbio za kilomita 10. Lakini pendekezo lao lilikuwa kwamba wizara itoe tamko lisilo na utata kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari na vyuo. Na ukafuata mradi mkubwa wa kuinua Kiingereza mashuleni, kuanzia 1987, kwa fedha za Uingereza. Vikaja vitabu vya hadithi vyepesi, walimu wakapewa mafunzo, na kozi ya wiki za mwanzo za kidato cha kwanza ya kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ikatiliwa mkazo.

Nataka niwe mkweli. Si haki kuwasukumia Waingereza mzigo wote. Mwalimu mwenyewe, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alisema mwaka huohuo wa 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia na kipewe uzito wake. Uamuzi wa kuliweka kando pendekezo la Tume ulifanywa na viongozi wetu kabla hata mapengo ya kwanza hayajajazwa. Aidha vile vitabu vya hadithi si vibaya. Mimi mwenyewe nilikuta vichache vilivyobaki kwenye kabati la shule, vimeliwa na mchwa nusu, na vilinisaidia kuliko kamusi.

Kinachoniuma ni namna kipimo kilivyotumika. Watoto walipimwa, ikaonekana hawaelewi wanachofundishwa, na hitimisho likawa kwamba watoto ndio watengenezwe. Hakuna aliyeurudisha utaratibu wenyewe mezani.

Wapo waliojaribu. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walifanya utafiti mashuleni, na kitabu chao cha 1997 kilionyesha tatizo liko palepale baada ya mradi. Kuanzia 2002 Qorro na wenzake wa hapa, Afrika Kusini na Norway walilinganisha madarasa yanayofundishwa sayansi kwa Kiswahili na yanayofundishwa kwa Kiingereza, na watoto waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi. TUKI nayo ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina maneno, maneno yapo, hayajaitwa kazini.

Upande wa Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 2000, mradi mmoja uliohusisha Chuo Kikuu cha Bristol uliuchunguza mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Watafiti walichukua maswali, wakarahisisha Kiingereza chake, mengine wakayaweka kwa Kiswahili, wakawapa wanafunzi. Sayansi ni ileile. Wanafunzi waliokuwa wanaacha karatasi nyeupe wakaanza kuandika na kupata alama. Hapo ndipo siri ya Jirani ilipo. Karatasi nyeupe ya biolojia inaweza kumaanisha mtoto hajui biolojia. Inaweza pia kumaanisha hakuelewa swali. Au alielewa, jibu analo, hana maneno ya kulitoa. Msahihishaji anaweka sifuri kwa wote watatu.

Halafu mwaka 2010 wakaja Uwezo na karatasi zao, nyumba kwa nyumba, wakiwapa watoto hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Takriban nusu ya waliokuwa wanamaliza darasa la saba hawakuweza kuisoma. Miezi michache baadaye watoto wa aina hiyohiyo wanakaa mbele ya kitabu cha kemia cha kidato cha kwanza. Kama hii ni mbegu, tusishangae mavuno.

Na sera? Sera ya 2014, iliyozinduliwa mapema 2015, ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee kutumika. Tukashangilia magazetini. Toleo lake la 2023 limebaki na Kiingereza kwa sekondari. Miaka 40 baada ya tarehe ya Tume ya Makweta, tumerudi tulipokuwa tumesimama.

Najua utakachoniambia, maana wenzangu wa ofisini wameniambia. Kwamba mimi nimeshakula Kiingereza nikashiba, sasa nataka kuwanyima wenzangu. Kwamba wakubwa wanaotetea Kiswahili kwenye makongamano watoto wao wanapanda basi la njano kila asubuhi kwenda shule za Kiingereza. Kwamba bila Kiingereza hupati kazi. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na hilo la basi la njano linaniudhi kuliko yote.

Lakini kufundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza ni vitu viwili. Nataka mtoto wa kata ajue Kiingereza, na akijue barabara, afundishwe na mwalimu anayekijua, kwa vitabu vya kusoma na si vya kukariri. Kisha tumpime Kiingereza siku ya mtihani wa Kiingereza. Siku ya biolojia tumpime biolojia. Kwa utaratibu wa sasa mtoto wetu anafanya mtihani wa Kiingereza mara saba au nane katika wiki moja, kila siku ukiwa umevalishwa jina jingine, na akianguka tunamwandikia kwamba hajui sayansi, hajui historia, hajui chochote.

Mimi mwenyewe ni kielelezo cha kichekesho hiki. Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu miaka mitatu kwa Kiingereza. Nikaajiriwa na gazeti la Kiswahili. Habari yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa mhariri imejaa wino mwekundu, na pembeni ameandika: Kiswahili gani hiki?

Jirani yupo. Ana kibanda cha kutengeneza simu, meza moja, taa moja na kioo cha kukuzia. Nilimpelekea simu yangu mwezi uliopita. Akaifungua, akanieleza umeme unapita wapi, unakwama wapi, na kwa nini betri ilikuwa inavimba. Alinieleza kwa Kiswahili, na nilielewa fizikia ile kuliko nilivyoielewa miaka minne tuliyokaa dawati moja. Nikamwambia habari ya mtihani wa 1984, kwamba asilimia 10 tu ya kidato cha nne walikuwa tayari. Alikaa kimya kidogo na bisibisi mkononi.

"Kumbe walijua," akasema.

Ndiyo. Walijua. Na sisi sasa tunajua.

Nilisahau kukwambia jambo moja kuhusu yule binti wa madawati. Tulipokuwa tunatoka getini alinikimbilia, mbali na mwalimu, akanimalizia jibu lake. Alisema tatizo si kukaa sakafuni, sakafuni mtu anazoea. Tatizo ni kwamba ukikaa chini nyuma ya darasa huoni ubao, na usipoona ubao huwezi kunakili, na usiponakili huna cha kukariri.

Kwenye gazeti waliyachapa maneno yake ya madawati tu. Hayo ya kukariri yalikatwa kwa sababu ya nafasi. Ndiyo maana nimeyaleta hapa.